Studio ya Chumbani: Itazame Kazi Kabla ya Jina la Programu

Leo nina maneno na yule kijana aliyesogeza kitanda hadi ukutani, akapata nafasi ya meza, akaweka kompyuta, maiki na spika mbili, akaanza kurekodi wenzake. Yuko Mbagala, yuko Likoni, yuko Ng'ambo kule Unguja, yuko Goma. Swali lake la kwanza huwa ni hilohilo: nitumie programu gani kutengeneza muziki? Na jibu analopewa mtaani huwa ni jina tu. Huyu anamwambia FL Studio, yule anamwambia Cubase, na mwingine aliyewahi kuingia studio kubwa mjini anaapa kwamba bila Pro Tools hakuna muziki. Hakuna anayemuuliza: kwani wewe unarekodi nini?

Mimi naanzia hapo. Anayetengeneza singeli, anayerekodi kwaya ya usharika yenye watu 30 na anayepiga kinanda cha taarab hawafanyi kazi moja, hata kama wote tunawaita maprodyuza. Msimamo wangu nautanguliza ili usinisubiri hadi mwisho: programu inayokufaa ni ile inayofanya kazi yako, kwenye mashine uliyo nayo, ambayo mwenyewe amekuruhusu uitumie, na ambayo kuna mtu karibu yako anaijua vya kutosha kukuelekeza ukikwama. Sifa nyingine zote zinakuja nyuma ya hizo.

Wazee wetu waliorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam hawakuwa na mtihani huu. Bendi iliingia studio nzima, waimbaji, magitaa, tarumbeta na ngoma, ikaupiga wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho huku fundi ananasa kwenye tepu. Ukikosea, mnarudia wote. Muziki wa kompyuta umekuja na namna nyingine ya kufanya kazi, na programu zake zilizaliwa kila moja na nia yake.

Cubase ilitoka Hamburg, Ujerumani, mwaka 1989, kwenye kompyuta za Atari. Wakati huo haikuweza kurekodi sauti ya mtu hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kuviandikia vinanda vilivyounganishwa kwa waya wa MIDI, vipige noti ipi na wakati gani. Pro Tools ilianza Marekani mwaka 1991 ikiwa na kusudi la kuziondoa mashine za tepu katika studio zenye fedha. Halafu mwaka 1996 Steinberg, wenye Cubase, wakaleta utaratibu wa plagini unaoitwa VST. Vifaa vya kutia mwangwi na kurekebisha sauti, ambavyo vilikuwa vyuma vya kujaza kabati zima, vikaanza kuingia ndani ya kompyuta yenyewe. Hapo ndipo studio ya chumbani ilipoanza kuwezekana. FruityLoops, ambayo tangu mwaka 2003 inaitwa FL Studio, ilianzia Ubelgiji mwishoni mwa miaka ya 90 ikiwa ni kijiprogramu cha kupanga mapigo ya ngoma kwa visanduku 16 vya kubofya. Ableton Live ilitoka Berlin mwaka 2001, kazi ya watu waliotaka kupiga muziki wa kompyuta jukwaani mbele ya hadhira. Leo zote zimepanuka na kila moja inajaribu kufanya kila kitu, lakini bado kila moja ni hodari zaidi pale ilipoanzia.

Hapa kwetu FL Studio imetawala mitaa, na sioni sababu ya kuibeza kama wanavyofanya baadhi ya mafundi wa zamani. Vile visanduku vyake anavielewa hata mtu asiyesoma noti. Unabofya cha kwanza kiki inalia, unabofya cha tano sneya inalia, na ndani ya muda mfupi mdundo umesimama. Inakubali kompyuta za kawaida za Windows, zile zinazouzwa zikiwa zimeshatumika. Wenye kampuni wana utaratibu mmoja ninaousifu kwa moyo mweupe: ukiinunua mara moja, matoleo yote yajayo unayapata bila kuongeza senti. Kwa kijana asiyekuwa na kipato cha kila mwezi, hilo ni jambo kubwa kuliko plagini yoyote. Halafu kuna ule ujirani. Ukikwama saa 5 usiku, kuna jamaa nyumba ya tatu anayeijua. Usiudharau ujirani huo. Programu bora duniani ambayo hakuna wa kukufundisha itakukalisha wiki nzima ukitafuta kitufe kimoja.

Ila kuna mambo mawili ambayo muuzaji wa dukani hakwambii. La kwanza, toleo la chini kabisa la FL Studio, lile liitwalo Fruity, halirekodi sauti. Utapanga biti, utapiga vinanda, lakini ukichomeka maiki ili mtu aimbe, hakuna njia. Anayetaka kurekodi waimbaji lazima aanzie toleo la Producer. La pili, toleo la majaribio, la bure, linakuruhusu kufanya kila kitu na hata kuhifadhi kazi yako, lakini ukiifunga huwezi kuifungua tena mpaka ulipie. Kwa hiyo ukilijaribu, maliza biti na uitoe kama faili la WAV kabla hujazima mashine. Nimeona vijana wakilia kwa hili.

Na anayesema muziki mzuri hautoki kwenye kompyuta ya kawaida, aende Mburahati, Dar es Salaam, aulize habari za studio ya Sisso. Singeli iliyotengenezwa na vijana wa pale, yenye mapigo 200 na zaidi kwa dakika, ilikusanywa kwenye albamu ya Sounds of Sisso mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ikasikilizwa hadi Ulaya. Waliotengeneza walikuwa wanajua wanataka sauti gani. Mashine iliwafuata.

Sasa twende kwa yule wa kwaya, ambaye moyo wangu uko kwake zaidi kwa sababu anasahaulika. Kwaya, kaswida, ngoma za asili, bendi ndogo ya magitaa: hawa kazi yao siyo kubofya visanduku. Kazi yao ni kunasa sauti za watu halisi, kuzikata, kuzipanga na kuziweka sawa. Mtu huyu mimi namwelekeza kwenye Reaper. Imetengenezwa na kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Cockos, ya Justin Frankel, yuleyule aliyetuletea Winamp tuliyokuwa tunapigia miziki kwenye kompyuta za intaneti kafe. Faili lake la kupakua ni dogo, halimalizi bando. Unapewa siku 60 za kuijaribu ikiwa nzima, hakuna kilichofungwa. Leseni yake kwa mtu binafsi na biashara ndogo ni dola 60. Inaenda kwenye Windows, Mac na hata Linux, na kompyuta ya zamani haiifanyi ikohoe. Udhaifu wake nao niuseme: haiji na vinanda wala ngoma za maana. Ukitaka kutengeneza biti itabidi utafute plagini za bure kama Vital, uziongeze mwenyewe, na mwanzoni sura yake haivutii macho. Lakini kwa kurekodi watu, sijaona inayoizidi kwa bei hiyo.

Na hapa kwenye kurekodi watu, nikae kidogo, maana ndipo programu zinapolaumiwa bure. Mwimbaji amevaa hedifoni, anaimba, halafu anakwambia, "Kaka, najisikia nikichelewa." Ni kweli anajisikia akichelewa. Kompyuta haipokei sauti kama maji ya bomba. Inaipokea kwa mafungu, na fungu hilo huitwa bufa. Katika sekunde moja ya sauti kuna sampuli 44,100. Ukiweka bufa ya sampuli 1,024, kila fungu linachukua milisekunde 23, na kwa sababu sauti inaingia na kutoka, mwimbaji anajisikia akiwa nyuma kwa milisekunde zaidi ya 46. Hapo hata mwimbaji hodari anapoteza mdundo. Ukishusha bufa hadi 128, fungu moja ni milisekunde 3 tu, na tatizo karibu linakwisha. Basi wakati wa kurekodi shusha bufa, na wakati wa kufanya miksingi ipandishe ili kompyuta ipumue. Tumia dereva ya ASIO ya saundi kadi yako, siyo ile ya kawaida ya Windows. Na saundi kadi nyingi zina kitufe cha kumfanya mwimbaji ajisikie moja kwa moja kabla sauti haijaingia kwenye kompyuta. Kibonyeze. Mpangilio huu wa bufa uko ndani ya FL Studio, uko ndani ya Cubase, uko ndani ya Reaper. Kijana anayebadilisha programu tatu akitafuta dawa ya mwimbaji kuchelewa, dawa anayo tayari.

Kuna kundi la tatu, watu wa taarab na wa ngoma za pwani, na hawa wana malalamiko ya haki kabisa. Fungua programu yoyote ya muziki leo. Inakufungukia ikiwa na hesabu ya mapigo manne manne, na kinanda cha Kizungu chenye sauti 12 zilizogawanywa sawasawa. Sasa wewe unataka kupiga chakacha, ambayo inatembea kwa sita. Au unataka maqam ya Rast, ambayo sauti yake ya tatu haiko kwenye ufunguo mweupe wala mweusi. Iko katikati yao. Kwa kipimo cha senti, ambapo kutoka ufunguo mmoja hadi unaoufuata ni 100, sauti hiyo iko karibu na 350, wakati kinanda kinakupa 300 au 400 tu. Mpiga kanuni anaishika kwa kunyanyua vijichuma vilivyo kando ya nyuzi. Mpiga fidla anaishika kwa kidole. Kijana wa kompyuta anabofya ufunguo ulio karibu, na tayari wimbo umepoteza uso wake. Mzee akisikia atasema tu, "Siyo hii," bila kuweza kueleza kwa nini.

Kwa mtu huyu, kuchagua programu ni jambo la kutunza urithi, wala sitii chumvi. Hesabu ya sita inatatulika kirahisi: nenda kwenye mipangilio, weka 6/8 kabla hujabofya chochote. FL Studio ilikuwa na ukaidi hapo zamani, lakini tangu toleo la 20 la mwaka 2018 inakubali mpangilio huo vizuri, na unaweza kuubadilisha hata katikati ya wimbo. Kwa maqam, Ableton Live kuanzia toleo la 12, lililotoka mwaka 2024, inakuruhusu kuchagua mpangilio wa sauti usio wa 12 na kuutumia kwenye kazi nzima. Logic Pro nayo ina sehemu ya kubadilisha mpangilio huo, ila inataka vifaa vya Apple. Cubase ina kijiplagini cha kupandisha na kushusha kila ufunguo. Na msanii mmoja mwenye asili ya Iraq, Khyam Allami, kwa kushirikiana na wenzake wa studio ya Counterpoint, alitoa mwaka 2021 zana mbili za bure, Leimma na Apotome, zinazofunguka kwenye intaneti, mahususi kwa ajili ya muziki usiokaa kwenye zile sauti 12. Vijana wa Zanzibar wanaosoma muziki pale Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, zijaribuni. Jambo hili halipaswi kuachiwa wageni waje kutufanyia.

Wasio na kompyuta niwaambie kwa kifupi tu. BandLab, ya kampuni ya Singapore, ni ya bure na inafanya kazi kwenye simu za Android na iPhone. Wenye iPhone wana GarageBand, nayo ni bure. Zinatosha kurekodi wazo, zinatosha kutengeneza demo ya kupeleka studio, na wapo wanaomaliza wimbo mzima humo. BandLab inahifadhi kazi yako mtandaoni, kwa hiyo hesabu bando lako.

Sasa niseme jambo ambalo najua litawaudhi baadhi yenu. Programu nyingi zilizo kwenye kompyuta za studio zetu za chumbani ni za wizi. Zimekrekiwa. Jamaa amekuja na fleshi, amekuwekea FL Studio yenye kila kitu na plagini za maelfu ya dola, umemlipa hela ya soda. Mwezi wa tatu plagini moja inagoma, kazi uliyomfanyia mteja haifunguki, na jamaa wa fleshi hapokei simu. Hilo ndilo dogo. Mwezi Juni 2019 kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilitoa taarifa ya programu haribifu iliyoipa jina LoudMiner, iliyokuwa imefichwa ndani ya kopi za wizi za programu za muziki, zikiwemo Ableton Live na Auto-Tune. Ikishaingia, inaitumia kompyuta yako kimyakimya kuchimba sarafu za kidijitali kwa faida ya mtu usiyemjua. Na watafiti walieleza kwa nini wahalifu waliwalenga watu wa muziki: kompyuta zao zina nguvu, na mashine ikipata moto na kuunguruma, mwenyewe anadhani ni plagini zake nyingi. Wangapi wanaonisikiliza sasa hivi wana mashine inayounguruma bila sababu?

Halafu kuna suala la haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, ambayo msanii wetu anaililia wimbo wake ukiuzwa kwenye fleshi bila idhini, inalinda pia programu za kompyuta. Ni sheria moja. Siwezi kusimama hapa kila juma nikitetea jasho la msanii, halafu ninyamaze kuhusu jasho la aliyetengeneza chombo anachofanyia kazi. Na safari hii hakuna kisingizio cha bei, kwa sababu njia halali zipo. Nyingine ni bure. Nyingine unazo bila kujua: saundi kadi na vinanda vidogo vya MIDI vinavyouzwa vikiwa vipya mara nyingi huja na namba ya kupakulia toleo dogo la Ableton Live au Cubase. Namba hiyo iko kwenye karatasi ndani ya boksi, au unaipata ukikisajili kifaa chako. Boksi linatupwa, karatasi inatupwa nalo, na kijana anakwenda kutafuta kreki.

Hata ukichagua na baadaye ukaona umechagua vibaya, hujafungwa. FL Studio haifungui kazi ya Cubase, wala Cubase haifungui ya Reaper, lakini zote zinasoma WAV. Wimbo ukiisha, toa kila kipande peke yake: kiki peke yake, besi peke yake, sauti ya kwanza, sauti ya pili, vyote vikianzia sifuri hata kama mwimbaji anaingia dakika ya pili. Vipande hivyo vinafunguka popote, na prodyuza yeyote, awe Nairobi au Muscat, anaweza kuendelea ulipoishia. Jiandae kwa ukubwa wake. Kipande kimoja cha mono chenye biti 24 kwa kila sampuli kinakula karibu MB 8 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye vipande 20 unakaribia MB 640. Kwa hiyo diski ya nje ni lazima, na kwa umeme wetu huu wa kukatika bila hodi, washa uhifadhi wa kujiendesha kila baada ya dakika chache. Mteja aliyeimba vizuri saa 8 mchana hawezi kuirudia sauti ileile saa 2 usiku kwa sababu eti umeme ulikatika.

Na fedha inayobaki usiipeleke kwenye programu kubwa zaidi. Ipeleke kwenye hedifoni nzuri, diski ya SSD na mablanketi mazito ya kuning'iniza nyuma ya mwimbaji. Chumba cha saruji chenye bati juu kinarudisha sauti kwenye maiki, na ni vigumu kwa programu yoyote, iwe ya bure au ya mamilioni, kuutoa mwangwi ule wote ukabakiwa na sauti safi.

Nikukatie shauri basi. Ukiwa mtu wa biti, FL Studio, toleo la Producer, ukianza na la majaribio. Ukiwa mtu wa kurekodi watu, Reaper. Ukiwa mtu wa taarab na uwezo unaruhusu, Ableton Live toleo la 12, na kabla ya hapo zile zana za bure nilizozitaja. Ukiwa na simu tu, BandLab, na anza leo usiku. Chagua moja, tengeneza nayo wimbo mzima mpaka mwisho, na usihamie nyingine kabla hujaumaliza.

Na ombi langu la mwisho ni kwa kamati za kwaya na vikundi vya kaswida. Mnapokaa kupanga bajeti ya kurekodi, mnaandika nauli, chakula na mavazi. Andikeni na leseni ya programu kwa kijana wenu anayewarekodi. Reaper ni dola 60, na sare za kwaya ya watu 30 zinagharimu zaidi ya hapo.